Mbolea Hai, Metali Nzito na Mimea ya Dawa: Maelezo kwa Kuzingatia Maeneo ya Kasongo na Kabambare

1. Utangulizi

Katika maeneo ya Lusangi, Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, familia nyingi hutafuta dawa ya kwanza ya homa, kikohozi au tumbo nyuma ya nyumba kabla ya kwenda katika kituo cha afya. Dawa hiyo huwa ni majani ya kivumbasi, mchaichai, mlonge au mtukutu, au tangawizi iliyochimbwa na kupondwa. Maeneo hayo hayo yana dhahabu. Huko Namoya, katika wilaya ya Kabambare, dhahabu ilichimbwa na Wabelgiji enzi za ukoloni, na mgodi wa kisasa ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016. Kando ya migodi mikubwa, wachimbaji wadogo wamekuwa wakiosha mchanga wa mito kwa miaka mingi.

Bustani ya dawa na mchanga wa dhahabu vinapokuwa jirani, linazuka swali ambalo wataalamu wa udongo wanalishughulikia katika nchi nyingi: je, mbolea iliyotengenezwa kwa viumbe hai inaweza kuusaidia mmea wa dawa kuishi katika udongo wenye metali nzito? Makala haya yanakusudia kueleza namna mbolea hiyo inavyofanya kazi, na kuonyesha kwamba ndani ya swali hilo mna maswali mawili yasiyofaa kuchanganywa. La kwanza ni iwapo mmea utastawi. La pili ni iwapo mgonjwa atakayeunywa atakuwa salama. Jibu la swali la kwanza si jibu la swali la pili, na kosa la kuyachanganya linaweza kumfikisha mgonjwa kwenye sumu kwa njia ya jani la kijani lenye afya.

2. Istilahi

Wanaisimu na wataalamu wa sayansi wamefanya kazi kubwa ya kuipatia lugha ya Kiswahili msamiati wa taaluma hizi. Mfano mmoja ni Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Hata hivyo, istilahi hufaa pale tu maana yake inapokuwa wazi kwa mkulima na kwa mganga. Kwa sababu hiyo ni vema kuanza na maneno machache.

Metali nzito ni jina la jumla la metali ambazo uzito wake kwa ujazo ni mkubwa, aghalabu zaidi ya gramu 5 kwa sentimita moja ya ujazo. Baadhi yake, kama vile shaba na zinki, huhitajiwa na mmea na binadamu kwa kiasi kidogo, na huwa sumu zinapozidi. Nyingine, kama zebaki, risasi na kadimi, hazina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa binadamu. Aseniki huwekwa katika kundi hilo kwa sababu ya sumu yake, ingawa kwa kemia si metali kamili. Yafaa pia kukumbuka kwamba neno risasi hapa lina maana ya metali yenyewe, wala si ya kitu kinachotoka katika bunduki, ijapokuwa jina la cha pili limetokana na la kwanza.

Mbolea hai ni mbolea ambayo nguvu yake haitokani na chumvi za kemikali bali na vijidudu vilivyo hai, hasa bakteria na kuvu, vinavyowekwa kwenye mbegu, mizizi au udongo. Neno vijidudu huwatia watu wengi hofu, kwa kuwa wamelizoea katika mazungumzo ya magonjwa. Katika udongo, vijidudu vingi havina madhara, na vingine ni wasaidizi ambao mmea ungedhoofika bila wao.

Maneno matatu ya mwisho ni vitenzi, na ndiyo msingi wa makala haya. Mmea hustahimili metali unapoendelea kukua ingawa metali ipo. Mmea huzuia metali unapoibakiza nje, au unapoifunga katika mizizi isipande kwenye majani. Mmea hulimbikiza metali unapoivuta na kuiweka kwa wingi katika majani yake bila kufa. Anayezuia na anayelimbikiza wote wawili wanastahimili. Ukiwatazama kwa macho hutaona tofauti, kwani wote ni kijani. Tofauti yao hujulikana katika kikombe cha mgonjwa.

3. Namna metali zinavyofika bustanini

Katika uchimbaji mdogo wa dhahabu, mawe husagwa, unga wake huoshwa, kisha zebaki humiminwa ili ishikane na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Zebaki hugeuka mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo huenda na upepo, na mchanga uliooshwa, wenye mabaki ya zebaki, hutupwa kandokando ya mto. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliyotolewa mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ulichangia takribani asilimia 38 ya zebaki yote iliyoingizwa hewani na shughuli za binadamu duniani mwaka 2015, kiasi kilichozidi kile cha uchomaji wa makaa ya mawe. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi wanachama kuyapunguza na, inapowezekana, kuyakomesha matumizi hayo.

Zebaki si metali pekee ya kuzingatiwa. Mawe yenye dhahabu mara nyingi huwa na madini ya aseniki na ya salfa ndani yake. Yakiwa chini ya ardhi hutulia. Yakisagwa na kuachwa kwenye hewa na mvua, salfa hugeuka tindikali, na tindikali huyeyusha metali zilizokuwa zimefungwa. Maji hayo yakiteremka mpaka bondeni, ambako ndiko watu hupenda kulima kwa sababu ya unyevu, metali hufika kwenye mizizi ya mboga na ya dawa. Udongo mwekundu wa nchi zenye mvua nyingi huwa na uchachu wake wa asili, na uchachu huo hurahisisha kuyeyuka kwa kadimi, zinki na risasi.

4. Kazi ya vijidudu

Wa kwanza katika wasaidizi wa mmea ni kuvu za mizizi, ambazo wataalamu huziita mikoriza. Kuvu hizi huingia katika mizizi na kutandaza nyuzi nyembamba mno mbali katika udongo. Nyuzi huuletea mmea fosfeti na maji, na mmea huzilipa kwa sukari na mafuta uliyoyatengeneza kwa nuru ya jua. Zaidi ya theluthi mbili ya aina za mimea ya nchi kavu huishi kwa ubia huo. Katika udongo wenye metali, ubia huo hupata faida ya pili: kuta za nyuzi hushika metali na kuziweka ndani ya kuvu, hata kiasi kinachofika kwenye shina kikapungua. Katika majaribio mengi yaliyofanywa kwenye udongo wenye metali nyingi, mimea yenye mikoriza ilikuwa mikubwa zaidi na majani yake yalikuwa na metali kidogo zaidi kuliko mimea isiyokuwa nayo. Lakini pale ambapo metali ni kidogo, mara nyingine matokeo yamekuwa kinyume, kwa sababu nyuzi zile zile zinazotafuta zinki na shaba kwa manufaa ya mmea huleta pia zisizotakiwa.

Si kila mmea unaokubali ubia huu. Lengalenga, mboga ambayo Watanzania huiita mchicha, kwa kawaida haiungani na kuvu hizi, na kabichi vilevile. Anayetarajia mikoriza imlindie lengalenga atakuwa ameajiri mlinzi asiyeijua nyumba.

Kundi la pili ni bakteria wanaoishi kuzunguka mizizi. Baadhi yao huyeyusha fosfeti iliyoganda. Wengine hutoa vichocheo vya kukuza mizizi, au hupunguza gesi ya ethilini ambayo mmea huitoa kwa wingi unapoteseka na ambayo huudumaza. Wengine hufunika metali kwa ute wao. Wapo pia bakteria wenye uwezo wa kuigeuza zebaki iliyoyeyuka kuwa mvuke na kuiondoa katika udongo. Hata hivyo mvuke huo hauishi, bali huhamia hewani. Zaidi ya hayo, katika matope yasiyo na hewa, bakteria wengine huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo sumu yake ni kali zaidi na hupanda kutoka kiumbe hadi kiumbe mpaka kwa samaki na kwa mla samaki. Hivyo neno "hai" si dhamana ya usalama. Kiumbe hai hufanya kazi yake kwa manufaa yake. Ni juu ya binadamu kuchagua mahali na namna ambapo manufaa hayo yanalingana na yake.

Kundi la tatu ni rizobia, bakteria wa vifundo vya mizizi ya kunde, karanga na maharage, wanaoitwaa nitrojini ya hewani. Hawa ndio waliozoeleka zaidi Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kituo chao tangu mwaka 1977, na mbolea iitwayo Biofix ilitoka humo; Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huko Morogoro kilitengeneza Nitrosua kwa ajili ya soya; na tangu mwaka 2009 mradi wa N2Africa uliwafikishia rizobia wakulima wa Kivu ya Kusini, jimbo linalopakana na Maniema. Kwa hiyo mbolea hai si jambo geni katika nchi hizi. Jambo geni ni kuitumia kwa ajili ya mmea unaokusudiwa kunywewa na mgonjwa, katika udongo unaotiliwa shaka.

5. Funzo la Katanga

Namna macho yanavyoweza kudanganywa na mmea unaostahimili inaonekana vizuri kusini zaidi, Katanga, jimbo la zamani ambalo kati ya mwaka 1971 na 1997 liliitwa Shaba kwa jina la madini yake. Kwenye vilima vya shaba vya huko miti haimei, bali hustawi mimea midogo ya pekee. Mmoja wao ni Haumaniastrum katangense, ambao ni wa ukoo mmoja na kivumbasi. Huota kwa wingi mahali palipo na shaba, kiasi kwamba wanaakiolojia waliutumia kugundua sehemu ambako wahunzi wa kale walikuwa wakiyeyushia shaba.

Kwa muda mrefu mmea huo ulihesabiwa miongoni mwa walimbikizaji wakubwa, kwa kuwa majani yaliyopimwa yalikutwa na shaba nyingi. Baadaye watafiti walitambua kwamba sehemu kubwa ya shaba hiyo huenda ilikuwa vumbi lililoshika juu ya majani, wala haikupitia kwenye mizizi. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa mmea huo ni mzuiaji: huibakiza shaba zaidi katika mizizi.

Funzo la kisa hicho ni la namna mbili. Kwanza, hata wataalamu wenye vifaa walikosea kumtofautisha mzuiaji na mlimbikizaji mpaka walipopima kwa uangalifu. Pili, vumbi ni njia ya sumu inayojitegemea, na mbolea ya mizizini haiwezi kulifikia. Mjini Lubumbashi, ambako tanuri la shaba lilianza kazi mwaka 1911, watafiti wa chuo kikuu cha huko pamoja na wenzao wa Ubelgiji walijaribu kupanda nyasi za asili, pamoja na mboji na chokaa, katika udongo uliochafuka. Nia yao haikuwa kuitoa shaba, bali kuituliza ardhini na kuzuia vumbi lisipeperuke.

6. Sehemu itumikayo na njia ya hewa

Mganga hatumii mmea mzima. Kwa mchaichai hutumia majani. Kwa tangawizi hutumia shina nene lililo chini ya udongo. Jambo hili, ambalo mkulima wa mahindi halimhusu sana, ndilo kiini cha suala la dawa. Mbolea hai inayofanikiwa kuifunga risasi katika mizizi humfaa mnywaji wa majani. Kwa dawa ya mizizi, mafanikio yale yale huiweka sumu ndani ya sehemu inayochemshwa. Basi haiwezekani kusema kwamba mbolea fulani "inafaa kwa mimea ya dawa" bila kutaja mmea gani na sehemu yake ipi.

Namna ya kutumia nayo ina uzito. Majani yakichemshwa na kuchujwa, sehemu tu ya metali huingia katika maji. Yakikaushwa, yakasagwa na kulambwa kama unga, kama wengi wafanyavyo kwa mlonge, chote kilichomo humwingia mgonjwa.

Zebaki inahitaji tahadhari ya peke yake. Uchunguzi wa miaka mingi umeonyesha kuwa zebaki iliyomo katika majani hutoka zaidi hewani kuliko udongoni: mvuke huingia kwa vitundu vile vile ambavyo jani hupumulia. Kwa hiyo bustani iliyo karibu na mahali pa kuchomea donge la dhahabu haiokolewi na kuvu wala bakteria, hata wawe bora namna gani. Kinachoiokoa ni umbali, na kukomeshwa kwa uchomaji wa wazi.

7. Utaratibu unaopendekezwa

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, mpangilio wa hatua una maana, na mbolea hai haishiki nafasi ya kwanza.

Hatua ya kwanza ni mahali. Bustani ya dawa iwe upande wa juu wa mteremko, mbali na marundo ya mchanga uliooshwa, mbali na uchomaji, na isinyweshwe maji ya mto unaopita machimboni. Hatua hii haina gharama ya dukani, na hakuna mbolea inayoweza kushika nafasi yake.

Hatua ya pili ni kutuliza udongo. Mboji na unga wa mkaa hushika metali nyingi. Chokaa au majivu ya kuni safi hupunguza uchachu na kwa njia hiyo huzuia kadimi na risasi zisiyeyuke. Ila pale ambapo aseniki ndiyo tatizo, chokaa nyingi yaweza kuifungulia njia, kwa kuwa aseniki haifuati desturi ya metali nyingine.

Hatua ya tatu ndiyo ya mbolea hai. Kuvu za mikoriza huweza kuoteshwa bila kiwanda. Mchanga safi, uliopikwa kwa mvuke ili kuua vijidudu vingine, hutiwa katika vyungu pamoja na udongo kidogo wenye mizizi iliyo na kuvu. Kisha hupandwa mtama au mahindi. Baada ya miezi mitatu au minne shina hukatwa, chungu huachwa kikauke, na mchanga pamoja na mizizi iliyokatwakatwa huwa ndiyo mbolea. Kuvu zilizozoea udongo wenye metali huwa hodari zaidi, lakini ni hatari kuhamisha udongo huo wenyewe hadi bustanini; mzunguko wa mchanga safi huwezesha kuchukua kuvu na kuacha sumu. Mbolea huwekwa chini ya mche ungali mdogo, kitaluni. Fosfeti nyingi ya dukani haifai kuongezwa, kwa sababu mmea ulioshiba fosfeti humkataa mbia wake. Isitoshe, baadhi ya mbolea za fosfeti zina kadimi ndani yake.

Hatua ya nne ni kupima. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba dawa ya mimea iliyokauka isizidi miligramu 10 za risasi na miligramu 0.3 za kadimi kwa kilo. Vipimwe udongo, mizizi na majani yaliyooshwa, kutoka tuta lenye mbolea hai na tuta lisilo nayo. Chukua mfano wa kubuni: majani ya tuta la kawaida yana miligramu 0.6 za kadimi kwa kilo, na ya tuta lenye mbolea yana 0.4. Mbolea imepunguza theluthi moja, nayo ni kazi nzuri. Lakini dawa bado imepita kipimo na haifai kuuzwa. Aidha, mmea uliokua mkubwa huweza kuwa na metali nyingi zaidi kwa jumla ilhali kila jani lina kidogo, maana kiasi hicho kimetawanyika katika majani mengi. Mganga anayepima dawa kwa konzi aangalie kiasi kilichomo katika kilo, si jumla ya mmea.

Yapo pia matumizi ya kinyume, ambapo mbolea hai huongezwa ili mmea mlimbikizaji uvute metali na kuusafisha udongo. Hayo ni halali kabisa, mradi mmea huo usiitwe dawa, usiliwe na mbuzi, wala usichomwe karibu na nyumba.

8. Hitimisho

Mbolea hai ni msaada wa kweli kwa mmea ulio katika udongo wenye metali nzito. Huulisha, huukuza, na mara nyingi huzuia sehemu ya sumu isipande. Lakini ustawi wa mmea si ushahidi wa usalama wa dawa. Mmea unaonyauka kwenye udongo mbaya humwonya mganga. Mmea uliosaidiwa kustahimili unaweza kuliondoa onyo hilo na kuiacha sumu mahali pake. Ndiyo maana mbolea hai na kipimo lazima viende pamoja.

Kiswahili kilifika Kasongo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya biashara, na leo ndicho kinachomwezesha mchimbaji, mkulima, mganga na muuguzi wa kusini mwa Maniema kuelewana. Wakizungumza juu ya bustani iliyo karibu na machimbo, vitenzi vile vitatu, yaani kustahimili, kuzuia na kulimbikiza, vinatosha kuanzia. Anayeshauriwa kutumia mbolea hai kwa dawa yake ana haki ya kuuliza ni kipi kati ya hivyo vitatu ambacho mbolea hiyo inafanya, katika mmea gani, na katika sehemu yake ipi.